Si amekiri mwenyewe? Sasa kesi ya nini?

Kila kesi kubwa ikitangazwa, swali hilo linarudi. Nimelijibu kwa upole mara nyingi mno, na leo upole umekwisha.

Mtu akisema "nilimpiga", amekiri tendo. Kosa hajalikiri. Kati ya hayo mawili ndimo ilimo kazi nzima ya sheria ya jinai, na Kiswahili kinalijua hilo kuliko wanaokitumia: mshtakiwa *hutiwa* hatiani. Kauli ya kutendwa. Yupo anayemtia, nayo ni mahakama, na ina masharti ya kutimiza kabla ya kumtia. Neno linalotuponza ni "kosa", maana aliyekosea njia na aliyeua wote tunawapa hilo hilo moja.

Masharti nayapitisha haraka kwa kuwa si hayo yanayonikera. Liwepo tendo, au kutotenda pale ambapo sheria ilikutaka utende. Iwepo hali ya akili ambayo kosa hilo mahususi linaidai. Viwili hivyo vikutane. Pasiwe na kinga, kama vile kujihami au ugonjwa wa akili. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Katika kesi ya Woolmington, Uingereza, 1935, mke alikufa kwa risasi iliyotoka kwenye bunduki aliyokuwa nayo mumewe, naye akasema ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji akaliambia jopo, yaani raia wanaoamua hatia, kwamba ni juu ya mume kuonyesha hivyo. Mahakama ya juu kabisa ikakataa: yeye hana la kuthibitisha, akiibua shaka la maana inatosha.

Sasa kero yenyewe. Watu wengi, wakiwemo wanaovaa joho, wanadhani "nia ovu" maana yake ni roho mbaya. Sivyo! Chukueni kesi ya Cunningham ya 1957. Kijana anang'oa mita ya gesi ukutani ili aibe sarafu zilizomo. Hafungi gesi. Gesi inapenya ukuta hadi nyumba ya pili, inamkaba pumzi mama aliyelala humo. Wizi kaukubali bila ubishi. Shtaka la pili lilikuwa kumvutisha mtu kitu cha sumu kwa dhamira mbaya, na jaji akalieleza jopo kwamba dhamira mbaya ni uovu tu, kufanya jambo ambalo mtu anajua fika si sawa. Rufaa ikatengua hatia. Mwovu alikuwa, wizi ni uovu. Lakini swali lilikuwa jingine: je, aliona kwamba gesi huenda ikamdhuru mtu, na bado akaendelea? Hilo halikuulizwa, na uovu wa wizi hauazimwi kuziba pengo la kosa lingine.

Kwa hiyo "nia" ni ngazi, wala si tabia ya mtu. Juu kabisa yuko aliyekusudia matokeo. Chini yake yupo aliyejua kwamba matokeo hayakwepeki hata kama hayakuwa lengo lake. Kisha aliyeiona hatari akaikubali. Mwisho mzembe, ambaye hakuiona ilhali mtu mwenye busara angeiona. Karibu kila kosa huchagua ngazi yake. Ukiisoma hati ya mashtaka bila kujua ngazi inayodaiwa, umesoma nusu.

Kesi ya Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini aliyemuua mpenzi wake, inaonyesha jinsi ngazi zinavyoteleza hata mikononi mwa majaji. Risasi nne kupitia mlango wa choo, Februari 2013. Nani alifyatua? Hakuna aliyebisha. Mwaka 2014 mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kwa hoja kwamba hakujua aliyekuwa nyuma ya mlango ni mpenzi wake. Desemba 2015 mahakama ya rufaa ikasema swali lilikosewa. Jina la aliye nyuma ya mlango halina uzito. Aliona kwamba aliyemo, yeyote yule, huenda akafa, na akafyatua hata hivyo? Ndiyo. Basi ni mauaji. Tendo lile lile, ushahidi ule ule, hatia nyingine.

Na tafadhali tusichanganye nia na sababu. Anayemdunga mgonjwa dawa ya kumuua kwa huruma ana sababu ya kuliza watu, na nia ya kuua iliyokamilika. Huruma ina nafasi yake kwenye adhabu, pale sheria inapompa jaji uhuru wa kuipima. Magazeti yanayoandika "ahukumiwa" kwa hatua zote mbili, kutiwa hatiani na kupewa adhabu, yanatuharibia somo.

Hapa nikiri jambo ambalo vitabu hupita juu yake kimya. Akili ya mtu haionekani. Tunaikisia kutokana na silaha, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, maneno ya kabla na mwenendo wa baada, kisha tunaliita kisio hilo "imethibitika". Uingereza ilitumia zaidi ya miaka 20, tangu 1981, ikimhesabu mharibifu wa mali kuwa aliona hatari hata kama hakuiona, ilimradi mtu wa kawaida angeiona. Wakaja watoto wa miaka 11 na 12 waliochoma magazeti nyuma ya duka, moto ukala majengo, na mwaka 2003 kanuni ikatupwa. Mlevi, hata hivyo, bado haruhusiwi kusema "sikuona" kwa makosa mengi. Mimi naiona hiyo ni sera iliyovalishwa nguo za mantiki. Huenda ni sera nzuri, lakini ni sera.

Jingine ni ile "bila kuacha shaka yoyote". Nani aliileta? Kipimo ni shaka la maana, lenye mguu kwenye ushahidi. Shaka yoyote ile ipo daima, na kwa kipimo hicho asingefungwa mtu. Anayeachiwa hajatangazwa kuwa hakutenda. O. J. Simpson, mwanamichezo wa Marekani aliyeshtakiwa kumuua aliyekuwa mkewe na rafiki wa mke huyo, aliachiwa mwaka 1995 katika jinai, na mwaka 1997 akaamriwa kulipa fidia ya mamilioni katika madai juu ya vifo vile vile, kwa kuwa madai hupimwa kwa mizani nyepesi.

Turudi kwa aliyekiri. Utaratibu upo, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliunyoosha mwaka 1973 katika kesi ya Adan. Shtaka linasomwa kwa lugha anayoielewa, pamoja na viini vyake vyote. Jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Karani asimwandikie "ni kweli" yake. Kisha mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, na mshtakiwa anaulizwa kama anayakubali. Akijibu "ni kweli nilimpiga, ila yeye ndiye aliyeniinulia panga kwanza", hakimu anafuta kukiri, anaandika kwamba amekana, na kesi inapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Ile "ila" imeingiza kujihami.