Nani Kasema Msitu wa Kilimanjaro Hauna Wanyama?

Nimeambiwa tena, safari hii na mgeni aliyekuwa akishuka kutoka kileleni, kwamba Kilimanjaro ni mlima wa mawe na barafu, na kwamba anayetaka wanyama aende Serengeti. Wasemao hivyo kwa kawaida wameuvuka ukanda wa msitu, ulio takriban kati ya mita 1,800 na 2,800, kwa saa chache tu, wakiwa katikati ya msafara wa wapagazi na redio zao, macho yakiwa kwenye mizizi ya njiani na mawazo yote yakiwa kwenye mita 5,895. Wangeona nini?

Walio rahisi ni kima na mbega, ambao huonekana hata jirani na Mandara, kambi ya wapanda mlima. Mbega hula majani, na tumbo lake huyachachusha polepole. Ndiyo maana huweza kukaa kitako muda mrefu bila kujitikisa, huku mpita njia anayetazamia kitu kinachorukaruka akipita chini yake bila habari. Usitafute umbo la mnyama, tafuta mkia: mkia mweupe wenye manyoya mengi unaoning'inia wima, ambao ni rahisi kuudhania zile nyuzinyuzi za kijivu zinazoota kwenye matawi ya miti ya huko juu.

Ukelele wa usiku unaoanza kwa mikwaruzo na kupanda hadi kuwa mayowe si wa chui. Ni wa perere, mnyama wa ukubwa wa sungura hivi na jamaa wa mbali wa tembo. Chui yupo, lakini hana sababu ya kujitangaza kwako.

Kinachonikera hasa ni neno digidigi, ambalo hutumika kwa kila chenye kwato kinachokatiza njia mbele ya watu. Digidigi ni mnyama wa vichaka vikavu, na msitu huu wenye ukungu na matope si makazi yake. Aliyepita huenda alikuwa pongo, ambaye ni mkubwa zaidi na ana madoa meupe ubavuni, au, mara nyingi zaidi, funo: mwekundu, wa kilo 15 hivi, mwenye mgongo uliopinda na kichwa kilichoinamishwa, kwa kuwa amezoea kupenya chini ya vichaka. Funo hutembea mchana, kwa hiyo kumwona si muujiza.

Minde, swala mwingine wa msituni wa jamii ya funo, ni habari nyingine. Rangi yake ni kahawia iliyokaribia weusi, ana kishungi chekundu kwenye paji la uso, na uzito wake unaweza kupita kilo 50. Hapatikani nje ya Tanzania, hutembea zaidi usiku, na picha ya kwanza ya minde akiwa porini ilipatikana mwaka 2003 tu, katika milima ya Udzungwa, kwa kamera ya kutegwa. Vitabu huchora eneo lake kwa wino uliokolea, ilhali sehemu ya kumbukumbu za swala wa msituni hutokana na vinyesi, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba hata watafiti wazoefu huvichanganya vinyesi vya aina hizi. Mimi nikionyeshwa rundo la vinyesi husema "ni vya funo au minde", kisha huishia hapo, hata kama anayeniuliza anatarajia jibu lenye uhakika zaidi.

Basi, ukilala Mandara, amka kabla ya msafara, ufuate njia ya kreta ya Maundi taratibu pamoja na mwongozaji wako, mkisimama mara kwa mara na kutazama chini ya vichaka badala ya juu yake. Akitokea mnyama mweusi mwenye kishungi, msiitane kwa sauti. Andikeni saa, mwinuko na upande alikoelekea, mkawaarifu askari wa hifadhi langoni; na mkiwahi kupiga picha, hata ikiwa na ukungu itafaa, mradi paji la uso lionekane.