Silabasi usiku kucha: dhana potofu kuhusu usingizi na kumbukumbu

Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inapokaribia, na tena wakati wa mitihani ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mji wetu wa Lubumbashi hukesha. Katika komini za Katuba, Kenya na Kampemba, hata kwenye korido za home za wanafunzi, taa za betri huwaka hadi alfajiri. Bidii hiyo inastahili heshima. Inasikitisha kwamba sehemu kubwa yake hupotea bure, kwa sababu kazi ya kuhifadhi somo haiishi mtu anapofunga daftari. Huendelea akiwa amelala, na asipolala haikamiliki. (Saa zote humu ni za mtindo wa 24.)

Dhana: Mtu akilala, ubongo nao umezimika.

Ukweli: Somo jipya hushikwa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo kwenye usawa wa masikio, moja kila upande. Likiwa hapo bado ni dhaifu, na lolote jipya linaweza kulivuruga. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton walipima seli za hipokampasi za panya wakikimbia, kisha wakawapima tena wakiwa wamelala. Seli zilizofanya kazi pamoja njiani zilirudia kufanya kazi pamoja usingizini. Ubongo ulikuwa unarudia safari.

Kwa binadamu, marudio haya yanahusishwa zaidi na usingizi mzito. Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, hutoa mawimbi makubwa ya polepole, takriban moja kwa sekunde. Juu yake hupanda vifungu vya mawimbi ya haraka, 11 hadi 16 kwa sekunde, kila kifungu kikidumu nusu sekunde hadi mbili. Ndani ya vifungu hivyo huingia mapigo mafupi zaidi kutoka hipokampasi. Vitatu hivi vikipatana kwa wakati, somo huimarishwa na kuunganishwa na yale ambayo gamba linayajua tayari. Ndiyo maana jambo uliloling'ang'ania jana usiku huweza kuonekana jepesi asubuhi.

Jaribio moja linatuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 2016 Mazza na wenzake huko Ufaransa waliwafundisha watu jozi 16 za maneno, Kifaransa na Kiswahili. Kundi moja lilijifunza asubuhi na kurudia jioni. Jingine lilijifunza jioni, likalala, likarudia asubuhi. Saa 12 zilikuwa zilezile kwa wote. Waliolala walihitaji karibu nusu tu ya mizunguko ya kurudia ili wazijue zote, na baada ya wiki moja, hata baada ya miezi sita, walikumbuka zaidi.

Kwa hiyo mpango ni huu: soma jioni, funga kitabu ujiulize maswali bila kuangalia, andika ulipokwama, lala. Asubuhi anza na yale yaliyokukwamisha kabla ya kugusa sura mpya. Hatua ya kujiuliza isirukwe. Usingizi huimarisha kilichoingia kichwani. Ukurasa uliopitishwa macho tu hauna cha kuimarishwa.

Dhana: Nikikesha leo, nitalala kesho nifidie.

Ukweli: Uchovu unaweza kupungua kesho, lakini kwa baadhi ya mafunzo usiku wa kwanza haurudi. Mwaka 2000 Stickgold na wenzake waliwafundisha watu zoezi la kutofautisha michoro kwa macho, kisha wakawanyima baadhi yao usingizi usiku uleule. Hata baada ya kulala usiku mbili zilizofuata, hao hawakuonyesha maendeleo waliyoyaonyesha wenzao.

Hasara ya pili huja asubuhi yake: hipokampasi iliyokeshwa hupokea mambo mapya kwa shida. Mwanafunzi anasikiliza, anaandika, na jioni hakumbuki alichoandika. Kukesha huendelea kupendwa kwa sababu kilichosomwa saa 04:00 huweza kubaki kichwani hadi mtihani wa saa 08:00. Muulize baada ya wiki mbili, utakuta kimekwisha, na Examen d'État haiulizi ya jana peke yake.

Dhana: Mimi nimezoea saa tano au sita, zinanitosha.

Ukweli: Kinachozoeleka ni kujisikia hivyo. Katika utafiti wa Van Dongen wa mwaka 2003, watu walioruhusiwa saa sita kwa siku 14 walizidi kudhoofika katika vipimo vya umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, huku wao wenyewe wakidai wanasinzia kidogo tu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mtu mzima, 7 au zaidi.

Dhana: Umeme hurudi usiku, kwa hiyo lazima tuungoje macho wazi.

Hili ndilo gumu zaidi kwetu, na hatulaumu mtu: delestaji, yaani mgao wa umeme, haichagui saa. Lakini kuna njia ya kupoteza kidogo. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na sehemu kubwa ya usingizi mzito huangukia mizunguko ya mwanzo. Anayengoja umeme hadi 01:00 anauchelewesha usingizi huo na kuupunguzia muda.

Soma mchana na jioni mapema, malizia kwa taa ya kuchaji hadi 21:00 hivi, kisha lala. Kama ni lazima kabisa kutumia umeme wa usiku, lala 20:30, amka 01:00, fanya kazi saa moja na nusu isizidi, rudi kitandani hadi asubuhi. Usiiache sehemu hiyo ya mwisho: ndimo usingizi wa ndoto unapokuwa mwingi, pamoja na vile vifungu vya mawimbi ya haraka. Na kabla ya kulala gizani, zima swichi ya balbu, ya redio na ya televisheni. Wengi husahau, umeme unarudi 02:00, nyumba nzima inaamka kwa mwanga na kelele. Simu ichajiwe chumba kingine, sauti imezimwa.

Mwezi wa sita na wa saba baridi huwafanya watu waingize mbabula, jiko la makaa, chumbani. Isilale ndani hata ikionekana makaa yamegeuka majivu. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, huua, na anayenusurika anaweza kubaki na kumbukumbu iliyoharibika. Ongeza blanketi.

Dhana: Kahawa ya usiku husaidia kukumbuka, na lutuku kidogo, ile pombe kali ya kienyeji, huleta usingizi mzuri.

Ukweli: Kafeini huficha usingizi tu. Nusu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa wengine zaidi. Utafiti wa 2013 ulionyesha kuwa miligramu 400, karibu vikombe vinne, saa sita kabla ya kulala ziliondoa zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya 14:00. Pombe humlaza mtu haraka, kisha hupunguza usingizi wa ndoto na kuukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku.

Dhana: Weka masomo masikioni ulale, yataingia yenyewe.

Ukweli: Simon na Emmons walilijaribu mwaka 1956 wakipima mawimbi ya ubongo. Waliokuwa wamelala kweli hawakujifunza majibu waliyosikilizishwa. Sauti hiyo hukukatiza bure.

Dhana: Kulala mchana ni uvivu.

Ukweli: Dakika 20 baada ya bukari ya mchana hurudisha umakini. Dakika 90 hutosha mzunguko mzima na zinaweza kuimarisha somo la asubuhi. Ukiamshwa katikati ya usingizi mzito utakuwa mzito kichwani kwa muda, kwa hiyo chagua moja kati ya hizo mbili, na uwe umeamka kabla ya 15:00.

Yuko pia anayelala saa nane kila usiku na bado anasahau. Akiwa anakoroma kwa nguvu, pumzi inakatika kisha inarudi kwa kushtuka, na mchana anasinzia, huenda usingizi wake unakatizwa mara nyingi kila saa bila yeye kujua. Huyo aende kwa daktari. Anayelala naye chumba kimoja amrekodi kwa simu dakika chache, na rekodi hiyo wamwonyeshe daktari.