Kuku Wamekufa Usiku Mmoja: Uchunguzi Unaanzia Wapi

Simu nyingi ninazopokea kutoka vijiji vya Kakamega na Vihiga huanza kwa maneno yaleyale: "Daktari, kuku wangu wameisha." Kinachofuata karibu kila mara ni swali la dawa ya kununua kwenye agroveti. Mimi huomba kwanza kwamba mizoga isiliwe, isitupwe kichakani wala isipewe mbwa, kisha huuliza ni kuku yupi aliyekufa wa kwanza, saa ngapi, na alikutwa wapi. Baada ya miaka mingi katika kazi hii nimeamini kwamba mpangilio wa vifo hutufikisha karibu na chanzo hata kabla ya kisu kugusa ngozi, na kwamba antibiotiki inayomwagwa kwenye maji ya kunywa kabla ya maswali hayo hupoteza pesa za mfugaji na kuvuruga ushahidi.

Nichukue mfano wa boma moja lililo karibu na Mumias. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na majirani wote wako shambani wakipanda. Mama mwenye boma alikuwa na kuku 23 wa kienyeji na mabata 4. Jioni alikuta kuku 2 wamelala kando ya shamba, na kulipopambazuka wengine 13 walikuwa wamekufa pamoja na mabata 3. Majirani walikwisha kuamua kwamba ni kideri. Nilipofika, maji ya kunyonyolea yalikuwa yanatokota jikoni, kwa kuwa mama mkwe aliona si vyema nyama yote hiyo ioze bure. Nilimsihi kwa heshima, "Mama, naomba tusubiri kidogo, tujue kwanza kilichowaua," naye akakubali kuyaepua.

Kideri, ambacho wengi hukijua pia kwa jina la Newcastle, hupanda ngazi. Dalili huanza kuonekana kati ya siku 2 na 15 baada ya kuku kuambukizwa, mara nyingi siku ya tano au ya sita, hivyo leo hufa mmoja, kesho watatu, keshokutwa kumi, na katikati utawaona wengine wamejikunyata, wanahema kwa shida, wanahara kijani au wamepinda shingo. Katika kundi lisilochanjwa kinaweza kumaliza karibu kuku wote, vifaranga wakiwemo. Mabata, kwa upande wao, huweza kubeba virusi hivyo lakini ni nadra waugue. Katika boma lile mambo yalikuwa kinyume: vifo vilikuja kwa kishindo kimoja, mabata walikufa pia, na mtetea aliyefunikiwa tenga pamoja na vifaranga wake wa wiki 2 alikuwa mzima kabisa, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchanjwa. Waliokufa ni wale waliotoka nje kuchakura.

Niliuliza pia kama kuna kuku mgeni aliyeingia, awe amenunuliwa soko la Luanda, ameletwa na shemeji kama zawadi, au amepelekwa sokoni akakosa mnunuzi akarudishwa nyumbani. Swali hili huzaa matunda sana mwezi wa Desemba, kuku wanapozunguka kutoka boma hadi boma kwa ajili ya sherehe. Safari hii jibu lilikuwa hapana.

Ndipo nikapasua. Nilivaa glavu, nikalowesha manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisipeperuke, nikamlaza kuku chali juu ya gunia la plastiki. Alikuwa na mwili mzuri, kifua kimejaa nyama. Ini lilikuwa na rangi na ukubwa wa kawaida. Kama lingekuwa limevimba na kung'aa rangi ya shaba yenye ukijani, ningeshuku homa ya matumbo ya kuku. Kama lingekuwa na vitone vyeupe vilivyotapakaa kama chembe za unga, ningefikiria kipindupindu cha kuku, ambacho nacho huua ghafla kuku walionona na hakiwaachi mabata. Nilifungua tumbo dogo lililo kabla ya firigisi, mahali ambapo kideri mara nyingi huacha madoa ya damu, nikalikuta safi.

Lakini gole, ule mfuko wa chini ya shingo ambamo chakula hukaa kwanza kikimezwa, lilikuwa limejaa na gumu kama ngumi. Kuku aliyeugua siku kadhaa huacha kula na gole lake huwa tupu au lina maji tu. Gole lililojaa hueleza kwamba mwenyewe alikuwa akila muda mfupi kabla ya kufa. Nilipolikata, zilimwagika punje za mahindi zilizopakwa rangi nyekundu, nyingine zikiwa zimeanza kuvimba kwa unyevu wa udongo. Firigisi, ambayo kwa desturi ya Waluhya huwekewa baba mwenye boma, ilikuwa na mahindi yaleyale. Mbegu ile ilikuwa imepakwa dawa ya kuua wadudu, na rangi huwekwa hasa ili mtu asiichukue kwa chakula. Kuku hawajui onyo hilo. Walifuata mistari ya shamba jipya wakafukua punje moja baada ya nyingine.

Macho hayatoshi kuthibitisha sumu, kwa hiyo nilichukua vilivyomo ndani ya gole pamoja na kipande cha ini, nikavifunga na kuvigandisha kwa ajili ya maabara. Hapa wafugaji wengi hukosea. Sampuli ya kutafuta sumu inaweza kugandishwa, lakini mzoga unaopelekwa kutafutwa vimelea hupoozwa tu kwa barafu bila kugandishwa, ukiwa ndani ya mifuko miwili isiyovuja, na ufike maabara ya kanda ya Eldoret au ile ya Kabete siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa sababu katika joto letu utumbo huoza ndani ya saa chache. Aliye mgonjwa lakini bado hai husaidia maabara kuliko watano waliooza. Na vifo vya ghafla vya ndege wengi lazima viripotiwe kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo, kwa kuwa mafua makali ya ndege na kideri havitofautishwi kwa kutazama.

Mizoga ile tuliifukia kwenye shimo refu, mbali na kisima, pamoja na mayai yaliyotagwa tangu jioni iliyotangulia. Kuku waliobaki walifungiwa bandani wakapewa maji safi na chakula cha ndani mpaka mahindi yalipochipua, na hakufa mwingine. Siku niliporudi kuwatazama nilibeba chanjo ya kideri ya I-2 inayostahimili joto, nikamwelekeza mama kudondosha tone moja katika jicho moja la kila kuku na kurudia baada ya miezi 4. Mama mkwe ndiye aliyewashika, mmoja mmoja.