Umeme wa nguzoni na umeme wa ndani ya seli

Swali tunaloulizwa zaidi kwenye banda la maonesho ni hili: "Laini ya umeme mkubwa imepita nyuma ya nyumba yangu, haivurugi seli za mwili?" Haupiti muda, anafika mwingine aliyeuziwa mkeka wa umeme kwa bei ya kukopea, akahakikishiwa kwamba unachaji seli. Wote wawili wanastahili kujibiwa kwa namba, na namba hizo zinaanzia ndani ya mwili kabla ya kufika kwenye nguzo.

Seli hai ina umeme wake yenyewe. Seli ya neva ikiwa imetulia, upande wa ndani wa utando wake huwa hasi kwa milivolti 70 hivi ukilinganisha na nje. Ni kidogo: betri ya saa ya ukutani ina volti 1.5. Ila nguvu ya uga wa umeme, yaani msukumo ambao umeme huutia kwenye chaji zilizo karibu, hutegemea pia umbali ambao volti hizo zimetandazwa, na tabaka la mafuta la utando wa seli lina unene wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 4 au 5 tu. Ukigawa, unapata zaidi ya volti milioni 14 kwa mita. Hewa kavu hushindwa kuhimili na kutoa cheche ikifikia volti milioni 3 hivi kwa mita. Kwa hiyo protini zilizopachikwa kwenye utando, vikiwemo vimeng'enya vingi, zinaishi maisha yake yote ndani ya uga mkali kuliko ule unaopasua hewa.

Kimeng'enya hufanya kazi kwa kubadili umbo. Kwa kuwa baadhi ya asidi amino zinazokiunda zina chaji, umbo likibadilika chaji nazo husogea. Uga wa umeme basi hulipatia umbo moja nafuu na kulitia jingine taabu, na hatua fulani ya kazi huenda haraka zaidi au huchelewa. Jambo hili hutokea kila sekunde bila mtu kuchomeka chochote ukutani.

Mfano ulio wazi kabisa ni pampu ya sodiamu, kimeng'enya kilichopachikwa kwenye utando wa seli. Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, aliieleza mwaka 1957 akichunguza neva za miguu ya kaa, na mwaka 1997 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Kimeng'enya hiki huvunja molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo mafuta ya seli, kikatoa ayoni (chembe zenye chaji) tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu. Tatu zinatoka, mbili zinaingia: kila mzunguko chaji moja chanya inavushwa kwenda nje, kinyume na uga unaoivuta ndani. Ndiyo maana seli ikiwa hasi zaidi ndani, pampu huelemewa. Wataalamu waliopima mkondo wake kwenye seli za moyo katika miaka ya 1980 waliuona ukipungua kadiri volteji ilivyozidi kuwa hasi. Mwili uliopumzika hutumia takriban asilimia 20 hadi 25 ya nishati yake kuendesha pampu hizi.

Je, uga unaotoka nje unaweza kuisukuma? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, Engin Serpersu na Tian Yow Tsong walichukua seli nyekundu za damu ya binadamu, wakaziweka kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi ili pampu zizubae, kisha wakapitisha umeme geu, yaani unaobadili mwelekeo tena na tena, wa volti 20 kwa sentimita kati ya elektrodi mbili. Badala ya potasiamu walitumia rubidiamu yenye mnururisho, ambayo pampu huipokea vilevile na ni rahisi kuifuatilia. Rubidiamu ikaongezeka ndani ya seli.

Hapo mwenye shaka angesema: huenda umeme umetoboa utando tu, ikavuja. Jibu lao linatoka kwenye vichaka vya Afrika Mashariki. Msunguti, ambao Wagiriama, Wakamba na Wawaata wa Kenya walichemsha magome na vijiti vyake saa nyingi hadi ukabaki utomvu mweusi wa kupaka mishale, una kemikali iitwayo wabaini. Wabaini hujishikiza kwenye pampu ya sodiamu na kuizuia. Ndivyo sumu hiyo inavyosimamisha moyo wa mnyama. Walipoitia kwenye seli zile, rubidiamu ya ziada haikuingia tena. Kilichoiingiza, basi, kilikuwa pampu yenyewe, si tundu. Mimi jaribio hilo nalipendea kipengele hicho hasa.

Kazi iliyofuata ilionesha kwamba masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, nayo yana neno. Kwa potasiamu na rubidiamu matokeo yalikuwa bora kwenye mizunguko kama 1,000 kwa sekunde. Kwa sodiamu, karibu milioni 1. Ukitoka mbali na hapo, juu au chini, athari inafifia, na hata kuongeza nguvu ya uga kupita kiasi hakusaidii. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa mwendo wake anapaa, ukisukuma ovyo unamsumbua tu.

Sasa turudi kwenye laini ya nyuma ya nyumba. Katika jaribio lile, uga wa volti 2,000 kwa mita ulikuwa ndani ya kimiminika chenyewe, umezizunguka seli. Kwa seli yenye nusu kipenyo cha mikromita 4, hesabu inaleta mabadiliko ya milivolti 12 kwenye utando, na hizo si haba mbele ya 70. Mwongozo wa mwaka 2010 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya nyuklia, unaweka ukomo wa volti 5,000 kwa mita kwa umma, kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Usidanganyike kwamba 5,000 ni zaidi ya 2,000. Hiyo inapimwa hewani. Mwili hupitisha umeme vizuri, hivyo uga unaobaki ndani yake huwa mdogo mara laki moja hadi milioni. Chukua kiwango cha juu, volti 0.05 kwa mita: seli yenye nusu kipenyo cha mikromita 10 inapata chini ya mikrovolti 1, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milivolti. Joto la kawaida la mwili peke yake huutikisa utando wa seli ya namna hiyo kwa mikrovolti karibu 20. Neva ndefu hupokea zaidi kuliko seli ya duara, na viwango vya usalama vimewekwa kwa kuziangalia hizo kwanza.

Uga wa sumaku unaotoka kwenye laini ni suala jingine, kwa sababu wenyewe hauzuiwi na mwili. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka kwenye kundi la vitu vinavyowezekana kusababisha saratani, kutokana na takwimu za leukemia (saratani ya damu) ya watoto. Uga wa umeme wa masafa hayo uliwekwa kwenye kundi lisilo na ushahidi wa kutosha kuainishwa. Marufuku ya kujenga chini ya laini, hata hivyo, ina sababu za karibu zaidi: waya kukatika, na umeme kumrukia mtu aliyeinua bati au bomba refu.

Na mkeka? Muulize muuzaji: uga wa volti ngapi kwa mita ndani ya mwili, masafa gani, kwa muda gani? Hospitali zinazotibu uvimbe wa saratani kwa mipigo ya umeme ili dawa ya bleomisini ipenye kwenye seli zina majibu: takriban volti 1,000 kwa sentimita, sehemu 100 za milioni ya sekunde kwa kila mpigo, mgonjwa akiwa amepewa ganzi au nusukaputi. Asiye na namba anauza maneno. Na aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asilalie mkeka wa aina hiyo kabla ya kuzungumza na daktari wake.