Betri ya moyo haisukumi moyo

Juzi tena, kliniki. Kijana kamleta bibi yake kutoka Bahi. Shikamoo haijapoa, ananiinamia sikioni: "Daktari, betri ikiisha bibi anakata roho palepale?" Bibi kasikia. Akavuta khanga kufunika bega la kushoto, kama vile nataka kumchomolea.

Lawama naitupia hilo jina, betri ya moyo. Watu wanawaza tochi. Pesimeka, ndiyo hiyo betri, haisukumi damu hata tone. Inatuma umeme kiduchu, volti mbili tatu, kupitia waya uliopenyezwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Kujikunja ni kazi ya msuli wenyewe. Kiberiti hakipiki ugali. Na msuli ukishakufa ni kuni zilizolowa, maliza boksi zima. Kwa hiyo lile la "mwenye betri moyo unadunda hadi kaburini" nalo tuliache.

Kinachonichosha zaidi ni kudhani inapiga muda wote. Inasikiliza! Ukiiseti 60 kwa dakika, inasubiri sekunde moja. Moyo ukidunda wenyewe kabla ya hapo, inanyamaza na kuanza kuhesabu upya. Nikaishusha ya bibi hadi 40, tukatazama skrini: mapigo yake mwenyewe, 52. Kijana kaachama. Wapo ambao ukishusha hivyo mstari unanyooka tu, mgonjwa anaona kizunguzungu, narudisha haraka. Hata hao haiwazimikii ghafla. Huonyesha dalili za kuchoka miezi kadhaa kabla, ilimradi uje kliniki, uwe msimu wa kupalilia au wa mavuno. Arne Larsson wa Uswidi, wa kwanza kupandikizwa, mwaka 1958, alibadilishiwa zaidi ya mara 20. Alifariki 2001 ana miaka 86, kwa saratani.

Na wanaoogopa shoti? Inayopiga shoti ni difibrileta, mashine nyingine, japo nayo hukaa chini ya mtulinga. Vyumba vya chini vya moyo vikianza kutetemeka ovyo, inachaji na kufyatua. Teke la punda. Hapa sina majigambo: wengi tunaowawekea haitawafyatulia maishani, na siwezi kusema mapema ni nani. Wengine hupigwa bure, mashine imeyasoma vibaya mapigo ya kasi yasiyo na hatari.

Simu? Sentimita 15 mbali na kifaa, basi. Nikamuuliza bibi, simu yako iko wapi? Akaitoa ndani ya sidiria, kushoto.