Chuja kabla hujasoma: mimi na jedwali la bei za mahindi

Binamu yangu ananunua mahindi Kibaigwa, na kila asubuhi kabla gari halijatoka anataka kujua masoko mengine wanauzaje. Kuna tovuti inaweka jedwali la bei, ila ukurasa mzito balaa, matangazo, menyu tatu, habari za mwaka juzi, jedwali lenyewe limejificha huko chini kabisa. Akaniambia, "Kaka, we si mtu wa kompyuta, nitolee namba tu." Nikasema dakika kumi. Wikiendi nzima ikaishia hapa Nkuhungu.

Mwanzo nilijifanya mjanja nikatumia regex, yaani kusaka maandishi kwa mpangilio wa herufi zake. Ilikubali siku mbili, ya tatu mwenye tovuti akaongeza class (lebo) kwenye td moja (td ndo seli ya jedwali kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa), kwisha habari.

Nikarudi kwa BeautifulSoup, ile laibrari ya kusoma HTML kwa Python (lugha ya programu) aliyoianzisha Leonard Richardson mwaka 2004. Wengi wetu tunasoma ukurasa wote kwanza afu ndo find_all (amri ya kutafuta tegi), sawa inafanya kazi, ila ni kumwaga gunia zima sebuleni uokote punje chache. Kuna SoupStrainer, hilo ndo chujio lenyewe, linachuja wakati ukurasa unasomwa, kisichohusika hakiingii kabisa kwenye mti, yaani ule mpangilio wa tegi unaobaki kwenye memori:

from bs4 import BeautifulSoup, SoupStrainer
chujio = SoupStrainer("table", class_="bei")
supu = BeautifulSoup(html, "lxml", parse_only=chujio)

(Hicho kimstari baada ya class usikisahau, class peke yake Python inalitumia kwa kazi zake.) Ila usidanganyike, bando haliokolewi hapo, ukurasa unashuka wote kama kawaida, unachookoa ni memori na muda.

Sasa kilichonila usiku: mimi mwanzo niliweka html5lib badala ya lxml (zote ni visomaji vya HTML ambavyo BeautifulSoup inavitumia), coz inavumilia HTML chafu kama brauza. Kumbe html5lib haikubali parse_only, yaani lile chujio, inasoma kila kitu, inakupa onyo tu, na mie maonyo nilishayazima siku nyingi ili skrini ipendeze. Nikahamia lxml, mtego mwingine. Ukifungua Inspect ya brauza unaiona tbody (tegi inayofunga mistari ya jedwali, yaani tr), kwahiyo nikaandika select("table > tbody > tr"), ikarudi listi tupu. Ile tbody brauza ndo limeiweka lenyewe, kwenye HTML ya tovuti haipo, na lxml haikuongezei. select("table tr") ikamaliza kesi.

Nikatuma. Dakika tano simu: "Kaka, huko wanauza mahindi au dhahabu?" Gunia 850,002! Nikafungua seli yenyewe:

<td>85&nbsp;000<sup>2</sup></td>

Hiyo 2 ni namba ya maelezo ya chini, get_text() ikaibeba pamoja na bei, afu ile nbsp (nafasi isiyokatika) inatoka kama \xa0 katikati ya namba, int() ya kugeuza maandishi kuwa namba inagoma, na mimi nilikuwa nimeshaifuta kwa replace bila kuangalia kilichobaki. Dawa:

for s in supu.find_all("sup"):
    s.decompose()

decompose inaitupa tegi jumla. Kama hayo maelezo unayataka tumia extract, inaing'oa na kukupa mkononi.

Saa kumi na moja alfajiri skripti inaamka, binamu anapata meseji ya mistari sita. Jana kaomba na alizeti, ambayo iko tovuti nyingine, na huko jedwali lao ni picha.