Mhandisi wa Bwawa na Lugha Iliyojitetea

Mwaka 1893, Mwingereza William Willcocks alisimama mbele ya hadhira mjini Cairo akauliza kwa nini Wamisri hawavumbui vitu. Kisa, alisema, ni Kiarabu fasaha, kile cha maandishi; waandike kwa lahaja wanayozungumza. Willcocks hakuwa mtaalamu wa lugha bali mhandisi wa umwagiliaji, ambaye baadaye alisanifu Bwawa la Aswan. Mwaka 1901 jaji mmoja Mwingereza, Seldon Willmore, akaongeza lake: lahaja hiyo iandikwe kwa herufi za Kilatini.

Yangekuwa mabishano ya wasomi tu, lau Uingereza isingekuwa imeikalia Misri tangu 1882. Shule ya udaktari iliyoanzishwa 1827, enzi za mtawala wa Misri Muhammad Ali, ilisomesha kwa Kiarabu: mwalimu Mfaransa alisema, mkalimani akafasiri, na kiwanda cha uchapaji cha Bulaq kikatoa vitabu. Istilahi za tiba zilikuwa zimeshaanza kujengeka. Chini ya Waingereza shule ikahamishiwa Kiingereza, kisha Kiarabu kikaambiwa hakiwezi sayansi. Umemnyang'anya mtu jembe, unamcheka halimi. Waliofuatilia ubishi wetu wa lugha ya kufundishia sekondari hawatashangaa.

Jibu lililodumu alilitoa mshairi. Mwaka 1903 Hafiz Ibrahim, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alitunga shairi ambalo msemaji wake ni lugha yenyewe. Wameniita tasa, yasema, nami ningali kijana. Nilizaa, ila mabinti zangu, yaani maneno, walipokosa waume wa hadhi yao, niliwazika wangali hai. Nimekibeba Kitabu cha Mungu, iweje leo nishindwe kueleza mashine? Mimi ni bahari yenye lulu tumboni. Je, wamemuuliza mzamiaji?

Wengi hukariri ubeti huo wa bahari wakaishia hapo. Mimi huwasomea wanafunzi malalamiko yanayofuata, kuhusu magazeti yanayoteleza kilugha kila siku. Mwingereza hatajwi kwa jina. Wanaosutwa zaidi ni wenye lugha.

Saad Zaghloul alipokuwa waziri wa elimu mwaka 1906, Kiarabu kilianza kurudishwa shuleni, na mwaka 1932 ikaundwa akademia ya lugha hiyo mjini Cairo. Udaktari haukurudi. Vyuo vikuu vya Misri bado huusomesha kwa Kiingereza, ilhali Damascus wamekuwa wakiusomesha kwa Kiarabu tangu 1919.